Tupeane uzoefu: nani huku Kusini aliagiza fegi za nje mtandaoni, na zikamfikia?

Msokotaji wa Shangani
Wakuu, heshima kwenu. Naanza mimi msione aibu.

Enzi za gesi, bomba la Madimba kwenda Dar linajengwa, nilikuwa dereva wa wazungu wa mradi. Hawa hawakuwa watu wa pakiti, walikuwa wanasokota wenyewe. Jamaa anakaa kiti cha mbele, karatasi juu ya goti, anatandaza tumbaku kwa kidole gumba, analamba ukingo, kwisha kazi. Gari linaruka makorongo ya njia ya Msimbati na haimwagiki hata chembe. Wakanifundisha. Mradi ukaisha, wakaondoka, mimi nikabaki na ladha.

Msimu uliopita hela ya korosho ilipoingia, nikakutana na duka la ng'ambo mtandaoni: nusu kilo ya tumbaku dola 40, usafiri dola 22. Nikapiga hesabu ya fegi mojamoja ninazochukua kwa Mangi, nikaona hapa nimetoka. Nikalipa kwa kadi ya kwenye simu. Karatasi za kusokotea nikaagiza duka jingine.

Wiki ya nne napigiwa simu kutoka Dar, niko mbele ya ugali wa muhogo. Dada ana sauti ya upole kweli: mzigo wako umefika, tuma TIN (namba yako ya mlipakodi) na ankara. Nikatuma. Hesabu ikarudi, ugali ukapoa. Kumbe forodha hawaangalii bei ya tumbaku peke yake. Wanajumlisha na gharama nyingine kama bima, ndipo ushuru unapoanzia. Juu yake ushuru wa bidhaa, halafu VAT asilimia 18 ya hiyo jumla yote. Yaani kodi inalipiwa kodi. Nikamuuliza, si kuna msamaha wa gramu 250? Akacheka kidogo: huo ni wa abiria mtu mzima, anaingia nazo kwenye begi lake, sio wa kifurushi.

Jumla ikapita ile bei niliyonunulia. Mzigo nimeuacha hukohuko.

Karatasi zilifika. Bahasha ndogo, haijaguswa hata kona.

Wengine ilikuwaje?

Binti Mtanda
Mie wa Lindi, na wala sivuti, ila yamenitokea puani. Njomba wangu alikuja jioni, akakaa barazani, akazunguka weee, mwisho akasema: "Njomba, wewe si una kadi ya benki?" Katoni mbili, ya tatu bure. Nikamwagizia.

Haikuja hata pakiti. Mwezi uliofuata ujumbe wa benki unaingia, wamekata tena. Wa tatu, tena. Kumbe kule chini kabisa kulikuwa na kiboksi kimeshawekwa tiki, nimejiunga kuletewa kila mwezi! Nikaenda benki kuifunga kadi, foleni imejaa, mhudumu ananiuliza kwa sauti: "Haya malipo ni ya nini, dada?" Nimevaa baibui langu, niseme sigara? Nikasema dawa.

Njomba mpaka leo akiniona anauliza kama zimefika.

Boda wa Mangaka
Nyie mna hela. Sisi ng'ambo yetu ni Msumbiji, Daraja la Umoja lipo tangu 2010, meta 720 umeshavuka.

Mtu alitangaza kwenye kundi la WhatsApp: fegi za nje, bei ya jumla, analeta mpaka ulipo. Nikachukua katoni tano niuze kijiweni. Pakiti safi, nailoni inang'aa, maandishi ya Kireno. Sasa toa moja uigonge kwenye ukucha: tumbaku inamwagika kama pumba. Ukiwasha inalia pa! pa! kama kuni mbichi. Wateja wananirudishia vipisi, wanadai hela yao.

Nikapeleka zilizobaki kwa mwenye duka. Akageuza pakiti mara moja tu kutafuta stempu ya TRA, wale wa mapato. Hakuna. Tangu 2019 sigara halali zina ile stempu ya kielektroniki, hata wewe unaihakiki kwa simu. Akanisukumia: "Njomba, ondoa msiba wako hapa." Yule wa kundini ni kangomba mtupu, tapeli, na namba yake haipatikani.

Mwana Mikindani
Mimi ndiye nilikuwa muuzaji wa ng'ambo, mnisamehe. Kaka yangu yuko Uingereza, anasema hela ya pakiti moja ya kule, huku kwetu inakaribia katoni nzima. Akaniambia: "Nitumie kama zawadi, mdogo wangu." Nikazifunga ndani ya kanga, juu nikaweka korosho za kubangua kilo mbili, nyeupe, nzima nzima, mama alizichambua mwenyewe.

Kaka akapata barua ya forodha ya kule. Iwe zawadi, isiwe zawadi, tumbaku ikiingia kwa kifurushi inadaiwa ushuru, na hii haikuandikwa popote kwenye fomu. Wamechukua vyote. Fegi sawa, lakini korosho jamani?

Mpita Njia
Mimi nilimwomba shemeji yuko Marekani. Akanijibu posta yao imekatazwa kubeba sigara za kununua mtandaoni tangu 2010. Biashara ikafa kabla ya kuzaliwa.

Msokotaji wa Shangani
Binti Mtanda, eti dawa! Nimecheka mpaka mke wangu kauliza kulikoni.

Mimi nina vijitabu 50 vya karatasi na sina cha kusokota. Mwanangu anazibandika kwenye kitana anapuliza kama tarumbeta, nyumba haikaliki.

Mkulima Namtumbo
Hivi kweli mnaagiza tumbaku nje? Huku kwetu Ruvuma majani yananing'inia ndani ya bani, banda la kukaushia, yanakaushwa kwa moshi, ukipita barabarani unapiga chafya. Ikitoka hapa inapanda meli kuwafuata haohao wanaowauzia nyinyi. Ya chama cha ushirika siigusi, hiyo ina wenyewe. Ila mzee huwa anabakiza yake kidogo ya ugoro. Kali, nakuonya. Njoo inboksi.

Msokotaji wa Shangani
Nimeshakuja, mkuu, angalia ujumbe. Inapanda basi gani, la kupitia Tunduru?