MREJESHO: Besi wa Mto Susquehanna wamepatikana

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini mimi na rafiki yangu tunatoka mikono mitupu kila tukienda kuvua samaki aitwaye besi wa mdomo mdogo Mto Susquehanna, hapa Pennsylvania, Marekani. Asanteni sana kwa majibu.

Jumamosi tuliingia mtoni alfajiri. Mliosema tuache kurusha chambo katikati ya mkondo, mlisema kweli. Tulirusha kabla kidogo ya jiwe, upande maji yanakotoka, maji yakabeba chambo mpaka pale nyuma yake palipotulia. Chambo chenyewe cha mpira, rangi ya kahawia, mfano wa kamba wa mtoni, maana ndio chakula chao. Mrusho wa tatu uzi ukakaza ghafla. Akaruka juu mara mbili, ubavu wa rangi ya shaba, jicho jekundu. Mikono ilinitetemeka!

Tulipata watano, wote tukawarudisha majini. Ila uzi mwembamba haukutufaa: mawe yaliukata, ndoana nne zikaenda. Na kuanzia saa nne, jua lilipokuwa kali, hawakugusa tena.

Aliyenikumbusha leseni ya kuvua, Mungu akubariki, mkaguzi alipita. Wiki ijayo tunarudi na uzi mnene.