Tupeane uzoefu: Mkristo aliyekuhubiria bila kufungua mdomo

Mama Zabibu: Mbukwenyi wapendwa. Jana nikiwa kwenye daladala, bibi mmoja alimpa konda noti ya elfu kumi akidhani ni elfu mbili, akashuka. Konda, kijana mwenye rozari shingoni, alisimamisha gari akamkimbilia na chenji yake. Abiria wakalalamika kwamba anatuchelewesha. Mimi machozi yalinitoka, maana nilimkumbuka jirani yetu wa zamani, Makole, Dodoma. Mama alipojifungua mdogo wangu, maji yalikuwa ya mgao, bomba linatoka saa tisa usiku. Siku zote arobaini tuliamka tukakuta ndoo mbili zimejaa mlangoni, zimefunikwa sinia. Hakujitangaza, mama ndiye aliyemvizia akamwona. Hata kanisa lake sikulijua mpaka siku ya msiba wake, kwaya ilipoingia uani. Nani mwingine ana mtu wa namna hii?

Kibaigwa Sokoni: Huku kwetu ugonjwa ni lumbesa. Sheria inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini mkulima anashindiliwa mpaka gunia linaota kichwa. Yupo mnunuzi mmoja mlokole, anaweka mizani hadharani na kupima kilo kwa kilo. Wenzake walimtenga msimu mzima. Siku hizi wakulima wakishusha mzigo wanamuulizia yeye kwanza. Mithali 11:1, kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, sijawahi kumsikia akiitaja, ila nikiona ile mizani yake naikumbuka.

Msomaji Kimya: Naunga mkono hoja. Namfahamu huyo.

Dada wa Chamwino: Naomba niseme upande wa pili, maana mfano mbaya nao unahubiri. Nilifanya kazi za ndani mjini miaka miwili. Ibada ya jioni haikukosekana hata siku moja, na mimi niliitwa niimbe nao. Tukimaliza, wao wanakula mezani, mimi nabaki na ukoko. Mshahara wa miezi minne sijalipwa mpaka leo. Nikisikia ule wimbo wao wa kufungia ibada, tumbo linanikaza.

Mtumishi wa Ihumwa: Dada, samehe. Tusianike wapendwa mitandaoni, dunia inatusoma.

Dada wa Chamwino: Sijamtaja mtu, mtumishi. Na dunia ilishasoma, mimi ndiye nilikuwa dunia yenyewe mle ndani.

Mpwapwa Yetu: Mwacheni aseme! Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba wao ni barua inayosomwa na watu wote. Barua ikiandikwa vibaya, anayeisoma akilalamika mnamgombeza?

Mtumishi wa Ihumwa: Sijagombeza mtu. Nimesema asamehe.

Fundi Mashine: Habari ya ukoko imenifanya niandike jambo ambalo nimemsimulia mke wangu tu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nasaga kwenye mashine ya mzee mmoja wa kanisa, Chang'ombe. Nilijifunza mchezo: nafunga mfuko wa mashine kabla unga haujashuka wote. Mteja akiondoka naukung'uta, kwa siku napata kilo tano mpaka saba, nauza kwa mama ntilie.

Siku moja mzee alirudi ghafla akanikuta nakung'uta. Hakunipiga. Alikaa kwenye gunia la pumba, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Tangu lini?" Nikamwambia tangu Mei. Tulikuwa Oktoba. Nikajua leo ni polisi.

Akatoa dona yake mwenyewe, magunia mawili, akaazima mkokoteni. Tukaanza kupita nyumba kwa nyumba kwa wateja tunaowafahamu, mimi nasukuma, yeye anabisha hodi. Nilidhani atanitaja. Kila mlango alisema maneno yale yale: "Mashine yangu imewaibia, naomba radhi." Anapima kilo nne, anaweka. Kanzu nyeupe imejaa vumbi (ndiyo, mzee wa kanisa na kanzu, ndivyo wazee wa Kigogo walivyovaa), kijasho kinamtiririka, na watu wengine walimtukana. Mmoja alimwita mnafiki mbele ya wajukuu wake. Alisema, "Ndiyo, una haki," akapima.

Nyumba ambayo sitaisahau ni ya bibi mjane, mguu wake mmoja mbovu. Huwa anasaga kilo mbili mbili. Mzee alipomaliza kusema, bibi hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Akasema, "Nilijua, mwanangu. Nyumbani nina kopo langu la kupimia. Nilinyamaza kwa sababu mashine nyingine iko mbali na mguu huu." Nilitamani ardhi inimeze. Mzee alilia pale, mimi sikuweza hata kulia.

Hakunifukuza kazi. Kesho yake asubuhi alinipa funguo kama kawaida. Mimi ni Mwislamu mpaka leo, na Mungu ni shahidi, sijagusa cha mtu tangu siku ile.

Mama Zabibu: Nimesoma mara mbili. Uji umeungua jikoni.

Msomaji Kimya: Anasema mashine yangu, siyo kijana wangu. Jamani.

Mtumishi wa Ihumwa: Mungu akubariki. Ila ushuhuda haujakamilika, ndugu yangu. Lengo ni kuokoka.

Kibaigwa Sokoni: Mtumishi, mtu kaacha wizi unamwambia haujakamilika?

Fundi Mashine: Sijakasirika, mtumishi. Nilimuuliza mzee siku moja mbona haniambii niokoke. Akasema, "Nakuombea kila alfajiri, hiyo ni kazi yangu. Kusaga ni kazi yako."

Mzee wa Mvumi: Vijana, huyo mzee namjua alikotoka, ingawa simjui kwa sura. Ni mtoto wa Uamsho, lile wimbi la toba makanisani lililoanzia Gahini, Rwanda, likatufikia huku katika dayosisi yetu ya Kianglikana ya Central Tanganyika. Bibi yangu alisimulia kwamba mtu akiguswa hakupewa nafasi ya kuimba kwanza. Alirudisha jembe la watu, mbuzi wa watu. Aliyekuwa na deni alitembea kwa miguu kwenda kulilipa. Zakayo mtoza ushuru aliahidi kurudisha mara nne, Luka 19.

Binti wa Nkuhungu: Naomba ushauri. Mume wangu hasali kabisa. Nimfanyeje?

Mpwapwa Yetu: 1 Petro 3:1. Waume wavutwe kwa mwenendo wa wake zao, pasipo lile neno. Nyamaza, ishi.

Mtumishi wa Ihumwa: Usinyamaze! Imani huja kwa kusikia.

Mama Zabibu: Mpikie mlenda wa karanga kwanza, mengine yatafuata.

Dada wa Chamwino: Kama mna dada wa kazi, mlipe kwa wakati, mumeo akiwa anaona.

Binti wa Nkuhungu: Ninaye. Ananidai mshahara wa wiki mbili. Nakwenda kumlipa sasa hivi.

Mama Zabibu: Fundi, yule bibi yupo?

Fundi Mashine: Yupo, amezeeka sana. Mzee ndiye tuliyemzika. Kila mavuno nampelekea bibi debe moja la dona. Analimimina kwenye sinia na kulipima kwa lile kopo lake mpaka mwisho, mimi nimesimama mlangoni. Akishamaliza ndipo ananikaribisha ndani.