Naomba ushauri: baba anataka kumalizia kiinua mgongo kwenye nyumba yangu

Ndugu zangu, heshima kwenu. Baba anastaafu mwakani na anataka kiinua mgongo chote kinijengee nyumba, niache kupanga. Yeye alijenga kwa mshahara wake mmoja, kwake nyumba ndiyo akiba. Kwangu kodi inakula mshahara kabla sijaweka chochote, lakini naogopa: nyumba haiuzwi chumba kimoja kimoja siku akihitaji dawa, na pensheni yake huenda isipande kadiri bei zinavyopanda. Nilimshauri nusu aiweke kwenye hatifungani za serikali, yaani aikopeshe serikali, apate riba. Akaona nakataa baraka zake. Imeniuma sana.

Je, abaki na akiba ya kiasi gani kabla ya kujenga? Na hati iandikwe jina la nani, ili yeye na mama wawe salama?