MREJESHO: Wale swani wa Monticello, nimepata jibu (nusu)

Habari zenu wakuu. Niliuliza juu ya mabata maji sita, hawa swani, niliowaona Mto Mississippi pale Monticello, Minnesota: wawili weupe pepe, wanne wa kijivu. Mimi nilidhani ni aina mbili tofauti. Kumbe ni baba, mama na watoto!

Jumamosi nilirudi na darubini ya kuazima. Baridi ilikuwa kali, vidole vikafa ganzi. Yule aliyeniambia niachane na ukubwa wa mwili nitazame mdomo, ahsante sana. Mdomo wa wazazi ni mweusi mtupu, umenyooka, na weusi unafika hadi jichoni. Kwenye paji la uso manyoya yanachongoka kama herufi V. Wale wa kijivu mdomo una waridi katikati, mweusi shinani na nchani. Hao ni wa mwaka huu. Halafu mmoja akapiga kelele, honi ya basi kabisa. Swani tarumbeta, Cygnus buccinator, sina shaka.

Nilipokwama ni kwa mweupe mwingine, si wa familia ile, aliyejitenga. Sikuona doa la njano mbele ya jicho, alama ya swani wa tundra (aina nyingine inayofanana na hii), lakini mlishanionya kwamba hata swani wa tundra wengine hawana. Akaficha kichwa chini ya bawa, akalala. Nilingoja dakika arobaini, nikashindwa.

Umri wa wazazi nao sikuupata. Wakishakuwa weupe wote, bila pete ya utambulisho ya watafiti mguuni huwezi kusema ana miaka mitatu au kumi.

Shukrani, na aliyesema nivae soksi mbili alisema kweli.