Naombeni ushauri: mimi ni mpiga besi, nikiandika kuhusu filamu watu wananiuliza kama niliiangalia kweli

Nyuzi Nne (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mkitaka kunicheka nichekeni, ila mniachie na ushauri.

Napiga besi kwenye bendi ya dansi hapa Dar. Kazi ni Ijumaa mpaka Jumapili, Jumatano mazoezi. Siku zilizobaki nikiwa nyumbani naangalia filamu, za zamani na mpya, chochote kitakachoingia kwenye flashi. Mwaka jana nikaanza kuandika maoni mafupi kwenye grupu la WhatsApp la mtaani kwetu, aya mbili tatu, kujifurahisha tu. Mwanzoni walinipa moyo. Siku hizi nikibandika, grupu linanyamaza mpaka mtu atume tangazo la msiba.

Tatizo langu ni kwamba sikio linatangulia macho. Mtu akishika gitaa kwenye filamu mimi natazama vidole. Kidole kikiwa kwenye uzi mnene na sauti inayotoka ni nyembamba, kwangu hadithi imeishia hapo. Juzi niliandika kuhusu Bohemian Rhapsody, ile ya 2018, inayohusu bendi ya Queen ya Uingereza na mwimbaji wao Freddie Mercury, aliyeigizwa na Rami Malek, mpaka tamasha la hisani la Live Aid la 1985. Nawabandikia kama ilivyo:

"Kwanza, 1985 Queen hawakuwa wamevunjika. Walitoa albamu 1984, na Januari 1985 walikuwa jukwaani Rio. Sasa hiyo habari ya kupatanishwa ili wakapige Live Aid imetoka wapi? Pili, besi ya John Deacon imepewa haki yake kwenye miksi, nampongeza fundi. Tatu, kwenye tamasha la mwisho sauti ni ya Freddie na mdomo ni wa Rami Malek, na anavuta pumzi pale pale mwimbaji angevuta, kitu ambacho waigizaji wengi hukisahau."

Basi. Jirani akajibu, "Kaka, kwa hiyo ni nzuri au mbaya?" Mwingine, "Inahusu nini?" Mke wangu ndiye aliyenimaliza. Tuliiangalia pamoja, na aliposoma akasema mbona hujaandika kwamba mimi nililia. Ukweli ni kwamba hata mimi nililia, nikaona haya kuliandika hilo nikaandika habari za miksi.

Niendelee hivi hivi, au nijifunze kuandika kama watu? Na kama ni kujifunza, naanzia wapi?

Kijiti cha Tatu

Nimekaa siti ya mbele, nasubiri wajuzi.

Dada Mpole

Mkuu, pole, lakini hiyo uliyoandika ni taarifa ya polisi. Tukio, muda, ushahidi. Mimi sijui miksi ni nini, najua nina masaa mawili tu usiku watoto wakilala na bando la kubana. Niambie kama nitumie hayo masaa mawili au nilale. Halafu hapo mwishoni umeandika kitu kimoja kizuri kuliko vyote, cha kulia na kuona haya, ukakiweka nje ya maoni yako.

Mwenye Kibanda

Nina kibanda umiza huku Mbagala mwaka wa tisa sasa. Nikupe jambo ambalo nadhani hujaliwaza.

Wateja wangu wengi wanaangalia filamu zilizotafsiriwa. Unajua zinavyokuwa: mtafsiri anaanza kuongea sekunde ya kwanza, ananyamaza majina yanapopita mwishoni. Anaongea kwa niaba ya baba, mama, polisi, jambazi na mbwa. Wakati anaongea, sauti ya filamu inashushwa chini. Muziki unakwenda nayo. Kwa hiyo ukimwambia mteja wangu "fidla ziliingia vizuri pale daraja lilipolipuka", yeye alichosikia pale ni jamaa anapiga kelele "Jamani daraja linaondoka!" Huo muziki hajawahi kuusikia, si kwamba hana sikio.

Usianze na muziki kana kwamba wote tuliusikia. Tupeleke kwanza mpaka hapo darajani.

Nyuzi Nne

Mwenye Kibanda, umenipiga mahali. Sikuwahi kulifikiria hili kabisa. Na mimi nimekua kwenye vibanda hivyo hivyo.

Fundi Mitambo

Mimi nipo upande wa sauti, nafunga mitambo ya maharusi na mikutano. Mkuu, jaribu zoezi hili. Tafuta Psycho ya mwongozaji Hitchcock, 1960, ile sehemu ya bafuni mwanamke anapouawa kwa kisu. Iangalie mara ya kwanza bila sauti. Utashangaa: ni picha fupi fupi zimeungwa, karibu huoni kisu kikimgusa mtu. Inatisha kidogo, basi. Sasa rudisha sauti.

Hitchcock mwenyewe alitaka pale pawe kimya. Mtunzi, Bernard Herrmann, akaandika muziki hata hivyo, bosi akausikia, akabadili mawazo. Na filamu nzima hakuna ngoma wala tarumbeta, ni vyombo vya nyuzi peke yake.

Sasa wewe utamwandikiaje Dada Mpole? Ukisema "nyuzi zinapiga juu kabisa kwa kurudiarudia" ataendelea kukunja nguo. Mwambie ni kama mtu anaburuta msumari kwenye bati, na kila ukidhani amechoka anaanza upya. Mkono wake utashika sikio wenyewe. Hapo umemweleza muziki na hujataja hata noti moja.

Solo Kavu

Napingana na wote. Msimharibu mwenzetu. Wanaosimulia hadithi ya filamu mwanzo mwisho wamejaa, kila mtaa una watano. Mtu anayekwambia kidole kilikuwa kwenye uzi gani ni mmoja. Mimi napiga solo, na hayo aliyoandika kuhusu pumzi za Rami Malek nimeyasoma mara mbili, nimerudi kuangalia, ni kweli. Fungua grupu lako la wanamuziki uandike humo. Hao majirani waendelee na matangazo ya misiba.

Dada Mpole

Solo Kavu, hata pumzi zile mimi nimezipenda. Hakuna aliyesema azitoe. Ila nilitaka kujua yule mtu anaimba akiwa katika hali gani, ndipo nijali anavyopumua.

Kinanda Bubu

Naongea kama mtu ninayeweka muziki kwenye filamu zetu za nyumbani, zile mnazozicheka kwamba kila mtu akifumaniwa kinanda kinalia kile kile.

Kuna mtayarishaji aliniletea filamu ya saa moja na nusu Jumatatu jioni. Anaitaka Jumatano asubuhi. Malipo yake ni kama nauli ya kwenda Morogoro na kurudi, na nusu niliidai miezi mitatu. Sasa hapo nitunge nini? Nilibonyeza midundo iliyomo humo humo kwenye kinanda, nikaitandaza. Kufika saa kumi alfajiri nikasinzia, nikaacha sehemu moja mama anaosha sufuria baada ya kufukuzwa ndoa, kimya kabisa, maji tu na sufuria. Filamu ilipotoka watu walinisifia sehemu hiyo. Hiyo tu.

Ushauri wangu: ukitaka kuandika kwamba muziki ni mbovu, andika, tumezoea. Lakini sikiliza na mahali ambapo muziki haupo. Wanamuziki tuna ugonjwa wa kuhesabu vilivyopigwa.

Binti Forodhani

Assalaam aleikum. Kwanza la Freddie. Kazaliwa Unguja 1946, na ile filamu inamkuta yuko London keshakuwa kijana, anapakua mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow. Sisi huku tulitamani japo uchochoro mmoja wa Mji Mkongwe. Hilo ungeliandika, mimi ningesoma mpaka mwisho.

Pili, kaka yangu, umeiangalia Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021? Imetoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi. Unguja ya miaka ya 1950, Yasmini kakimbia ndoa aliyoozwa, Denge anapambana na ukoloni. Siti Amina, mtu wa taarab na udi wake, kaigiza humo. Sasa ukiniandikia kwamba udi umepigwa vizuri, utakuwa hujaniambia kitu. Taarab ni mafumbo. Bibi yangu akienda kwenye taarab alikuwa hatazami jukwaa, akitazama nani kainuka kwenda kutunza kwa ubeti upi, na kampita nani njiani. Wimbo ule ule, kainuka fulani, kesho mtaa mzima una maneno.

Kwa hiyo na kwenye filamu usiishie kwenye chombo. Nitazamie nani ndani ya chumba kausikia wimbo ukamchoma.

Mzee wa Kiitikio

Vijana, nimesoma yote. Nyuzi Nne, unachokitafuta kimo ndani ya filamu moja, nayo ni Amadeus ya 1984, ya watunzi wawili wa muziki, Mozart na Salieri aliyemwonea wivu.

Najua utakimbilia makosa yake, maana nakujua bila kukuona. Ndiyo, Salieri hakumuua Mozart. Ndiyo, Salieri alikuja kumfundisha muziki mtoto wa Mozart, na aliwafundisha pia Beethoven na Schubert. Weka hayo pembeni kwanza.

Salieri ni mzee, yuko hospitali ya wagonjwa wa akili, anamsimulia padri kijana. Padri si mtu wa muziki. Salieri anampigia nyimbo zake mwenyewe, padri hazijui hata moja. Anampigia kipande kidogo cha Mozart, padri anakidaka na kukiimba, uso umemwangaza. Tazama uso wa mzee hapo. Baadaye anamweleza siku alipoona karatasi za Mozart kwa mara ya kwanza. Anasema mwanzo ulikuwa mwepesi, wa kuchekesha karibu, kama kinanda cha mkono kilichoshika kutu. Halafu juu yake, ghafla, obo, chombo cha kupuliza. Noti moja. Imening'inia pale haitikisiki, mpaka klarineti ikaipokea.

Angalia alivyofanya. Obo ameitaja kwa jina lake, klarineti kaitaja, hakumficha padri chochote. Lakini kwanza kampa kinanda chenye kutu, kitu ambacho hata padri kakisikia maishani. Na wakati anaeleza, mikono inamtetemeka kwa wivu. Mwigizaji yule, F. Murray Abraham, alipata Oscar kwa kazi hiyo.

Wewe uliogopa kuandika kwamba ulilia. Salieri hakuogopa kuonyesha kwamba anaumwa.

Nyuzi Nne

Shikamoo mzee. Nimeirudia Amadeus usiku wa jana kwa ajili yako, na mke wangu kalala katikati, ila kile kipande cha padri nilimwamsha akakiona.

Solo Kavu, nimekuelewa, vidole sitaviacha. Ila naomba wote mnisomee hii, ni ya Whiplash:

"Whiplash, 2014. Kijana wa dramu anaingia chuo cha muziki New York, anakutana na mwalimu mwenye matusi kuliko konda wa daladala la mwisho. Kuna mahali mwalimu anaisimamisha bendi nzima na kumuuliza kijana: ulikuwa unakimbia au unaburuta? Yaani uliuwahi mdundo au uliuchelewesha. Mimi nimekaa na besi miaka kumi na minane, kazi yangu ni kukaa juu ya mguu wa dramu, na sikusikia tofauti. Nilirudisha nyuma mara tatu. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu hata kijana hasikii, na kofi linakuja. Niliwahi kuwa chini ya kiongozi wa bendi wa namna hii. Hakunipiga. Ila mpaka leo mtu akiinua mkono ghafla mbele yangu, vidole vinaganda. J.K. Simmons, aliyeigiza mwalimu, alipata Oscar, na mimi bado sijamsamehe. Mwalimu huyu anapenda kusimulia jinsi mpiga dramu Jo Jones alivyomrushia mpiga saksafoni Charlie Parker sahani ya dramu kichwani mpaka akawa gwiji. Kisa chenyewe kilivyo, sahani ilitupwa sakafuni, miguuni pake. Angalia ukiwa na mtu wa kumshika mkono. Mtoto wako akiwa anajifunza chombo chochote, asiwepo."

Dada Mpole

Nimesoma nimesimama na mwiko mkononi. Hapo pa vidole kuganda pamenipata. Leo silali mapema.

Solo Kavu

Sijaridhika, hujasema sahani zimetyuniwaje na nani hasa anapiga. Lakini nitaiangalia tena.

Mwenye Kibanda

Swali la kikazi. Mwishoni kuna maneno mengi? Maana iliyotafsiriwa sijawahi kuiona.

Nyuzi Nne

Hakuna maneno. Dakika za mwisho ni dramu na macho ya watu wawili tu.

Mwenye Kibanda

Basi naiweka Alhamisi saa mbili usiku, siku hiyo hakuna mechi. Spika nitaazima kwa Fundi Mitambo kama atakubali. Kiingilio mia tano. Wewe utaingia bure, ila ukae nyuma na usiongee.