Naomba ushauri: waifai ya nyumbani imeingiliwa

Habari za jioni wakuu. Nipo Ujiji, Kigoma, nyumba ya kupanga yenye familia nne. Nina ruta ya laini. Watoto wanasomea, mke wangu anapokea oda za dagaa na mawese. Bando la mwezi siku hizi linakata wiki ya pili.

Juzi usiku nilizima simu zetu zote. Taa ya ruta ikaendelea kupepesa mfululizo, kama mchana. Nikawasha kompyuta, nikaingia 192.168.1.1 (ukurasa wa mipangilio ya ruta): vifaa saba vimeunganishwa! Sisi tuna vitatu tu. Neno la siri ni lile la kwenye stika chini ya ruta, sijawahi kulibadilisha, na la kuingilia mipangilio bado ni "admin". Hapo nakiri nilizembea.

Bando linauma, ila kinachoninyima usingizi ni mtu kuingia kwenye mipangilio na kuwapeleka watoto kurasa za kitapeli.

Nimepanga kubadilisha maneno yote mawili na kuzima WPS (njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika neno la siri), maana namba yake ya tarakimu 8 hukaguliwa nusu nusu, hivyo majaribio kama 11,000 yanatosha kuipata. Je, nikiweka WPA3 (ulinzi mpya wa waifai), simu ya zamani ya mama itashika au nibaki WPA2, ule uliotangulia? Na kuzuia vifaa kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa) kunasaidia, wakati anwani hiyo inaigizwa?

Tena, majirani niwaambieje bila kuvunja ujirani? Wawili kati yao tunachota maji kisima kimoja.