Fisi au kiduha: nani anamtia mkulima hasara zaidi?

Mkulima_Maswa: Wakubwa shikamooni. Juzi fisi kaingia zizi la jirani, kaondoka na mbuzi wawili. Ukapigwa mwano, yowe la kuita watu, kijiji kizima kikakesha na mikuki. Shamba langu la mtama nalo limejaa maua ya zambarau ya kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mazao, hakuna hata aliyeuliza. Nani adui mkubwa hapo?

BintiKishapu: Fisi, bila ubishi. Mbuzi ndiyo ada ya shule. Kiduha si unang'oa tu?

Bwana_Shamba: Dada, ukikiona kimechomoza ujue kimeshanyonya wiki kadhaa chini kwa chini. Mbegu zake ni kama vumbi, mche mmoja hutoa makumi ya maelfu, na hulala ardhini hata zaidi ya miaka 10. Mizizi ya mtama au mahindi ikitoa kemikali zake udongoni, mbegu zinaamka, zinajishikiza kwenye mzizi na kunywa maji na chakula humo. Mmea unadumaa na kunyauka hata mvua ikinyesha. Na kiduha chenyewe kina majani ya kijani kabisa, kinaweza kujipikia chakula kidogo. Tamaa tu!

Mzee_Busega: Fisi mnamwonea. Mtafiti wa wanyama Hans Kruuk alimchunguza Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, akakuta anawinda mwenyewe sana, na Ngorongoro mara nyingi simba ndiye anayempora. Tena anamaliza mizoga, mifupa na yote. Kiduha kinasafisha nini?

BintiKishapu: Ghala langu 😂 Haya mzee, nimekubali nusu. Ila fisi boma zuri la miiba linamzuia. Kiduha unakizuiaje?

Bwana_Shamba: Pamba. Mizizi yake inaamsha mbegu za kiduha, lakini hakiwezi kujishikiza, kinakufa njaa. Msimu unaofuata ndipo urudi kwenye mtama, na samadi usiache, maana kinashamiri kwenye udongo uliochoka. Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kule Mbita wanahimiza desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaokidhibiti kiduha, katikati ya mahindi, na majani yake ni malisho ya ng'ombe. Lakini msimu mmoja haukimalizi, itabidi urudie.

Mzee_Busega: Na mnyama mkali angalau ana kanuni za kifuta jasho zilizotoka 2011, fedha za kumpoza aliyepata hasara. Kiduha utakiripoti kwa nani?

Mkulima_Maswa: Nimeelewa wakuu. Nusu shamba naweka pamba. Ile nusu nyingine nirudishe mtama?

Bwana_Shamba: Hapana! Alizeti.